Hadubini na Homa ya Pwani

Wasikilizaji wetu wa Bagamoyo na pwani yote, homa ya malaria twaijua sana. Walakini vijidudu vyake hatuvioni kwa macho matupu. Mwaka 1846 fundi Carl Zeiss alifungua karakana ya vyombo mjini Jena, Ujerumani. Hadubini zake alizitengeneza kwa kubahatisha, akijaribu kioo baada ya kioo. Tangu 1866 mwanachuoni Ernst Abbe akamsaidia kwa hesabu za mwanga, na vyombo vikaona wazi zaidi. Robert Koch, aliyetumia hadubini za Zeiss, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 akachunguza malaria. Hata leo tone la damu chini ya hadubini huonyesha kama homa ni malaria au siyo. Basi tusimeze dawa kwa kubahatisha, kwanza tupimwe.