Tapeti za Haidroliki: Uteuzi na Ufungaji Wake Katika Injini ya V8 ya Rover

Utangulizi

Mdharau mwiba mguu huota tende. Miongoni mwa vipuri vya injini, mwiba unaodharauliwa mno ni tapeti. Ni kipande cha chuma kinachotoshea kiganjani, wala hakionekani injini ikiwa imefungwa. Hata hivyo, tapeti isiyofaa yaweza kuiangamiza kamshafti mpya katika dakika chache za kwanza baada ya injini kuwashwa. Makala haya yanafafanua utendakazi wa tapeti za haidroliki, uteuzi wake na jinsi ya kuzifunga injini inapoundwa upya. Mfano unaotumiwa ni V8 ya Rover. Injini hii ilibuniwa Marekani na General Motors kwa ajili ya magari ya Buick ya mwaka 1961. Rover ya Uingereza ilipata haki ya kuiunda mnamo 1965, na kuanzia 1970 ikatiwa katika Range Rover.

Muundo na Utendakazi

Katika injini hii, kamshafti moja imelala katikati ya safu mbili za silinda. Nundu zake 16 huinua tapeti 16. Kila tapeti husukuma ufito, ufito husukuma roka, nayo roka hufungua vali.

Chuma kikipata joto hutanuka. Kwa sababu hiyo, tapeti ya kawaida huachiwa mwanya mdogo ambao fundi hulazimika kuurekebisha mara kwa mara. Tapeti ya haidroliki huondoa haja hiyo. Ndani yake mna pistoni ndogo inayoinuliwa na springi, na chini ya pistoni mna chumba cha oili chenye vali inayoruhusu oili kuingia tu. Vali ya injini ikiwa imefungwa, springi huinua pistoni hadi mwanya wote ukatoweka, na chumba hujaa oili. Nundu inapopanda, mlango wa chumba hujifunga. Na kwa kuwa oili haishindiliki, tapeti huwa kama chuma kitupu. Oili kidogo inayovuja hujazwa tena katika mzunguko unaofuata.

Aidha, uso wa tapeti unaogusa nundu si bapa kabisa bali umebinuka kidogo mno, nayo nundu imeinamishwa kidogo upande mmoja. Maumbo haya mawili huifanya tapeti izunguke inapoinuliwa, hivyo msuguano haulili eneo moja tu. Tapeti inayozunguka hudumu. Iliyokwama huila nundu yake.

Uteuzi

Kutokana na maelezo hayo, kanuni ya kwanza ni kwamba kamshafti mpya hufungwa pamoja na tapeti mpya. Tapeti iliyotumika imekwisha kulika kwa umbo la nundu yake ya zamani. Ikiwekwa juu ya nundu mpya, huenda isizunguke. Nundu hulika, na chembechembe za chuma huenea injini nzima pamoja na oili. Anayedhani ameokoa bei ya tapeti hujikuta akinunua kamshafti, tapeti na beringi kwa pamoja.

Kanuni ya pili inahusu kamshafti na tapeti zinazorudishwa. Hili linakubalika ikiwa tu ni nzima na kila tapeti inarejea juu ya nundu yake yenyewe. Hivyo basi, hutiwa nambari zinapotolewa. Fundi anayezimwaga zote 16 katika karai moja amekwisha kuzihukumu. Ili kukagua uso, ukingo wa rula iliyonyooka hulazwa juu yake na kutazamwa dhidi ya mwanga: tapeti nzima huonyesha mwanga kwenye kingo. Mwanga ukipenya katikati, uso umebonyea na tapeti haifai tena.

Mnunuzi pia abainishe aina. Gerejini, neno "tapeti" hutumiwa kwa zile za kawaida, za haidroliki na hata zenye gurudumu. Zenye gurudumu hazizunguki katika tundu lake, na huhitaji kamshafti iliyoundwa kwa ajili yake. Kusema "lete tapeti" hakutoshi.

Ufungaji

Matundu ya tapeti husafishwa hadi kila moja iteremke na kuzunguka kwa wepesi wa vidole. Nundu na nyuso za tapeti hupakwa grisi maalumu ya kamshafti, ilhali ubavu hupakwa oili.

Kisha hupimwa kiasi ambacho ufito unaibonyeza pistoni: baina ya milimita 0.5 na 1.5. Roka za injini hii hazina skrubu ya kurekebishia. Kwa hiyo, hedi ikichongwa au gasketi ya unene tofauti ikitumiwa, kipimo hubadilika. Kikipungua mno, injini hugonga. Kikizidi, vali huenda isifunge. Kilichozidi hupunguzwa kwa vibati vyembamba chini ya vikalio vya roka, au kwa fito fupi zaidi.

Pampu ya oili iliyofunguliwa nayo huweza kushindwa kuvuta oili ikiwa kavu. Ndiyo maana giya zake hujazwa vaselini kabla ya kufunikwa.

Injini ikiwaka, isiachwe ingurume polepole. Nundu hulainishwa hasa na oili inayorushwa na krankishafti, nayo ikizunguka polepole hurusha kidogo. Mwendo huwekwa karibu na mizunguko 2,000 kwa dakika, ukipandishwa na kushushwa kidogo, kwa takriban dakika 20. Oili iwe na zinki na fosforasi ya kutosha, kwani oili nyingi za kisasa zimepunguziwa viambato hivi ili kulinda vifaa vya kusafishia moshi. Baadaye, oili na filta hubadilishwa.

Hitimisho

Imebainika kwamba tapeti na nundu ni kama kinu na mchi: huchakaa pamoja, hivyo huteuliwa pamoja. Mlio mwepesi katika dakika za mwanzo waweza kuwa hewa tu inayotoka chumbani. Mlio usiokoma ni onyo, na fundi mwangalifu huzima injini kabla chuma hakijaanza kusafiri ndani ya oili.