Ukitaka kumjua simba wa Rufiji, mfuate nguruwe

Aprili 2004 aliuawa Rufiji simba dume kijana ambaye wanavijiji walikuwa wamempa jina la Osama. Kwa muda wa miezi 20 watu wasiopungua 35 walikuwa wameliwa katika vijiji vinane vilivyo mashariki ya Pori la Akiba la Selous. Alipochunguzwa, gego lake moja lilikutwa limepasuka na chini yake pana jipu. Wengi wakaona jibu limepatikana: jino linamuuma, nyati hamuwezi, kageukia binadamu.

Jibu hilo ni tamu kusimulia, ila halitoshi. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha hesabu za Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir: tangu 1990, simba walikuwa wameua Watanzania 563 na kujeruhi wengine zaidi ya 300, hasa kusini mashariki mwa nchi. Jino la simba mmoja haliwezi kubeba maiti zote hizo.

Packer, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alianzia Gombe mwaka 1972, akiwa mwanafunzi anayechunguza nyani. Mwaka 1978 alihamia Serengeti, akaendeleza utafiti wa simba ulioanzishwa na George Schaller mwaka 1966. Kule swali lilikuwa la simba mwenyewe: kwa nini anaishi kwa makundi, manyoya ya shingoni yanamfaa nini. Rufiji ilidai maswali mengine kabisa. Nani analala wapi? Anapita njia gani, saa ngapi? Maswali hayo hayajibiwi kwa darubini juu ya gari, bali kwa kukaa na wafiwa na majeruhi kijiji kwa kijiji, na hapo ndipo kazi ya Ikanda, mtafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), na Kushnir ilipokuwa na uzito kuliko umaarufu wa mkubwa wao.

Walichokuta ni nguruwe pori. Mashambulizi yalipanda msimu wa mavuno, kati ya Machi na Mei. Mahali ambapo pundamilia na swala wamekwisha, nguruwe ndiye windo lililobaki, naye hustawi kwa mazao ya watu. Huku Pwani, kwenye Waislamu wengi, hakuna wa kumwinda kwa kitoweo. Basi mkulima huenda kulala shambani kulinda mpunga na mahindi yake. Simba humfuata nguruwe, akamkuta mtu kwenye kibanda cha miti na nyasi.

Hapa naongeza jambo la historia. Baada ya mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1960, watu wa bonde la Rufiji walihamishiwa vijiji vya sehemu za juu, lakini udongo wenye rutuba ulibaki bondeni. Tangu hapo nyumba iko huku na chakula kiko kule, na msimu ukifika familia hushuka kukaa madunguni. Ndiyo maana matokeo ya Kushnir hayashangazi: walioshambuliwa walikuwa wenye nyumba dhaifu, waliotembea mbali zaidi kutafuta mahitaji, waliolala nje usiku mwingi na kuwaona nguruwe mara kwa mara. Kwa kifupi, maskini.

Mwaka 2011 kundi la Packer lilitoa matokeo kuhusu mwezi. Usiku wa mbalamwezi simba hukosa mawindo, kwani huonekana. Mwezi mpevu ukishapita, giza hutangulia kabla mwezi haujachomoza, na simba mwenye njaa hutoka saa ambazo watu bado wako njiani. Katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, mashambulizi yalikuwa mara mbili hadi nne ya yale ya siku kumi zinazoutangulia.

Kumpiga risasi simba mla watu ni lazima, lakini bunduki hufika baada ya msiba. Halmashauri za Rufiji na Kibiti zingepaswa kutenga fungu la kupunguza nguruwe pori kabla ya mavuno. Na wewe unayelinda shamba, hesabu mwezi mwandamo: kuanzia tarehe 16 hadi 25, tangu magharibi mpaka saa nne usiku, usitembee peke yako.