Pikapu ikianza kucheza ngoma, chungulia shoki za nyuma

Na MWANDISHI WETU

ALIYEGUNDUA kwanza kwamba pikapu yetu ina kasoro si mimi niliyekuwa nikishika usukani, bali ni mama watoto. Naye aliligundua hilo kupitia mayai.

Kila Alhamisi gari letu huteremka kutoka Njabini, kule Nyandarua, likielekea Nairobi na magunia ya viazi, kabeji na trei za mayai. Kwa miaka mingi mayai mawili matatu tu ndiyo yaliyokuwa yakipasuka njiani. Kisha yakawa kumi. Baadaye trei nzima ikawa inafika ikidondoka ute.

"Baba watoto, unaendesha gari au unapepeta mchele?" akaniuliza.

Nililaumu barabara, kama ilivyo desturi yetu sisi madereva. Barabara haiwezi kujitetea.

Wiki chache baadaye tulikuwa tukirudi bila mzigo, jioni, mvua ya rasharasha ikinyesha na ukungu wa Kimende umetanda kama ujuavyo. Binti yetu, tuliyekuwa tumemchukua shuleni kwa likizo, alikuwa ameketi katikati yetu. Ghafla mkokoteni wa punda ukajitokeza mbele. Nilipokanyaga breki, upande wa nyuma wa gari uliruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Matairi yaliacha lami, yakarudi, yakaacha tena, na mkia wa gari ukageukia kulia. Tulisimama mshazari, hatua chache tu kutoka kwa yule punda. Hakuna aliyesema neno hadi tulipofika nyumbani.

Kesho yake nilikwenda gereji. Fundi alizigonga springi kwa spana, akasikiliza kama daktari, kisha akatoa hukumu kwamba zimechoka na zinahitaji kuongezwa bamba moja kila upande. Nikalipa. Gari likainuka nyuma kama jogoo anayetaka kuwika, na kurukaruka kukazidi!

Aliyenifungua macho ni mzee jirani yetu, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu. Aliniambia niliendeshe gari kama kilomita kumi kwenye barabara mbovu, kisha nisimame, nipitishe mkono chini na kuzigusa shokabsoba za nyuma, ambazo mafundi wetu huziita shoki kwa kifupi.

"Ikiwa na joto, ujue inafanya kazi," alisema. "Ikiwa baridi, mwanangu, hiyo ilikufa zamani, unaizungusha tu kama maiti."

Ya kulia ilikuwa baridi. Ya kushoto ilikuwa vuguvugu, nayo ilikuwa imelowa mafuta yaliyoshika vumbi likawa kama ugali mweusi.

Springi hubeba, shoki hutuliza

Watu wengi, na kumbe baadhi ya mafundi pia, hudhani kwamba shoki ndizo zinazobeba mzigo. La hasha. Mzigo hubebwa na springi, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, ambayo asili yake ni magari ya kukokotwa na farasi. Springi ikibonyezwa na shimo huhifadhi nguvu ile, kisha huirudisha. Ikiachwa peke yake itapanda na kushuka mara nyingi kabla ya kutulia.

Hapo ndipo shoki huingia. Ndani yake mna pistoni inayotembea katika mafuta, nayo pistoni hiyo ina vitundu vidogo. Mafuta hulazimika kupenya katika vitundu hivyo kwa shida, na ile nguvu ya kurukaruka hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana shoki nzima hupata joto baada ya safari ya mashimo. Mpira wa kuzuia mafuta ukichakaa, mafuta huvuja, pistoni hubaki ikitembea bila upinzani, na kazi yote huachiwa springi.

Tairi lililo hewani halina breki. Liwe jipya kiasi gani, na breki ziwe nzuri vipi, litazunguka au litajifunga bure mpaka lirudi chini. Pikapu tupu ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa sababu springi zake zimetengenezwa ngumu kwa ajili ya mzigo, na mzigo ukishaondoka hakuna uzito wa kuikandamiza nyuma. Sasa fikiria niliyoyafanya mimi: nilichukua gari lenye shoki zilizokufa nikaliongezea ugumu wa springi. Nilikuwa nimelipa pesa ili niruke zaidi.

Mbali na ile njia ya joto, ziko dalili nyingine. Tairi la nyuma huliwa kwa vidonda, hapa pana bonde na pale pana kilima, badala ya kuisha sawasawa. Kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, mkia wa gari huteleza kando hata katika kona ndogo. Ule mtindo wa kusukuma bodi kwa mikono na kuhesabu linaruka mara ngapi ni mzuri kwa gari dogo la kawaida, lakini kwa pikapu usiutegemee sana. Springi zake ni ngumu mno kwa mikono ya binadamu.

Kwa nini tusifanye wenyewe?

Baada ya yale ya bamba, nilikataa kurudi gereji. Mzee aliniambia kazi yenyewe ni ya alasiri moja, na kwamba shoki mbili za nyuma za pikapu ya springi za mabamba hushikiliwa kwa nati au bolti moja juu kwenye chasisi, na nyingine chini karibu na ekseli. Basi.

Nilisafiri hadi Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wangali wanaiita Grogan. Nilibeba shoki moja kuukuu kutoka kwa mzee mwenye gari kama langu, pamoja na nakala ya kitabu cha gari. Fanya hivyo hivyo. Usiseme tu "nataka shoki za pikapu" kwa sababu za mwaka mmoja na mwingine hutofautiana urefu, na shoki fupi itakatika siku gurudumu litakaposhuka kwenye shimo refu. Nunua mbili kwa wakati mmoja hata kama moja bado ina uhai, la sivyo upande mmoja utatulia na mwingine uendelee na ngoma. Na za mitumba, zile za kutoka magari yaliyovunjwa, mimi nimezikataa. Mpira wake umezeeka na huwezi kuuona.

Jeki ndiyo muuaji

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa vijana. Hatari kubwa ya kazi hii haimo katika shoki bali katika jeki. Jeki ya gari ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Mtu anayelegeza nati iliyoshika kutu huvuta spana kwa nguvu zake zote, na nguvu hiyo hiyo hulitikisa gari. Jeki ikiteleza, tani nzima na zaidi humshukia kifuani.

Habari njema ni kwamba pikapu nyingi ziko juu vya kutosha mtu kuingia chini bila kuliinua gari hata kidogo. Magurudumu yote manne yabaki ardhini. Kwa kuwa shoki haibebi mzigo, ukiitoa gari halitashuka wala springi haitafyatuka. Hivyo ndivyo tulivyofanya. Tuliliweka gari mahali tambarare penye ardhi ngumu, tukatia gia ya kwanza, tukavuta handbreki, kisha binti akasukumia mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Funguo alikaa nazo mama watoto, asije mtu akaliwasha.

Iwapo gari lako ni la chini na lazima uliinue, ekseli au chasisi ikae juu ya stendi za chuma au vipande vinene vya gogo. Matofali na bloku za simiti hupasuka bila kutoa onyo.

Tena, haya ninayoyasema ni ya nyuma, na ni ya springi za mabamba. Magari mengi madogo, na baadhi ya pikapu upande wa mbele, yana springi za mzunguko zilizobanwa pamoja na shoki. Springi ya namna hiyo ikifyatuka inaweza kuua. Waachie wenye vifaa.

Nati moja, saa mbili

Jioni ya kuamkia siku hiyo tulizisugua nati kwa brashi ya waya na kuzimwagia mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi tukazimwagia tena. Spana tulizotumia ni namba 17 na 19, ambazo hutosha magari mengi ya Kijapani, ingawa nati za gari lako ndizo zitakazokuambia.

Upande wa kulia ulitoka kwa nusu saa. Wa kushoto, nati ya chini ilikataa katakata. Nilivuta mpaka spana ikachomoka na kuniambua ngozi ya vidole. Nikatamka maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha, na ambayo binti yangu alijifanya hakuyasikia.

Jirani mwingine alipendekeza tuichome kwa moto. Nilimshukuru na kumwomba asogee mbali. Paipu ya breki hupita karibu pale, tangi la mafuta haliko mbali, na shoki za siku hizi aghalabu huwa na gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa ndani. Kuitia moto ni kuomba mlipuko.

Binti ndiye aliyetutoa hapo. "Baba, mbona usiikaze kidogo kwanza?" Alikuwa amemwona mama yake akifanya hivyo na kifuniko cha chupa kilichokwama. Nilicheka, kisha nikajaribu. Nati ililia kwi! Kutu ikavunjika, na nilipogeuza mkono kuilegeza ikaja. Tulichopeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana tukaongeza urefu, nikawa navuta polepole badala ya kushtua. Nati hiyo moja ilitula karibu saa mbili.

Kabla hujatupa ya zamani, angalia jinsi ilivyokaa. Kwenye pikapu nyingi shoki moja huelekea mbele ya ekseli na ya pili nyuma yake, ili ekseli isijipinde gari linapoondoka kwa nguvu. Si kosa la kiwandani, usijaribu kulisahihisha. Angalia pia mpangilio wa washa na mipira.

Shoki mpya ya mafuta huhitaji kuamshwa. Isimamishe wima kama itakavyokaa kwenye gari, ivute na kuibonyeza mara tano au sita mpaka ule ulegevu wa hewa uishe. Ya gesi huja imefungwa utepe, na ukiukata hujinyoosha yenyewe, kwa hivyo fungia sehemu ya juu kwanza ndipo ukate utepe na kuiongoza ya chini mahali pake. Uso uwe kando. Usiishike ile fimbo inayong'aa kwa koleo, kwa kuwa mkwaruzo mdogo tu utautafuna mpira wa mafuta na utakuwa umenunua hasara.

Jambo la mwisho ambalo hata mafundi hulisahau: nati zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mipira itashikwa ikiwa imejipinda, na baada ya muda mfupi itapasuka. Sisi hatukuwa na tatizo hilo kwa kuwa hatukuinua gari. Baada ya siku chache za kutembea nilirudi chini na spana, nikakuta nati moja imelegea robo mzunguko.

Zile kuukuu usizitupe ndani ya moto wa takataka, wala usiwaachie watoto wakazipasua. Mafuta yake nayo yasimwagwe karibu na kisima.

Alhamisi iliyofuata nilipita Kimende nikiwa mtupu. Nilipunguza mwendo kwenye matuta, gari likapanda, likashuka, likanyamaza. Mama watoto hakusema lolote. Alikuwa amehesabu mayai mara mbili kule sokoni, akakuta moja tu lenye ufa.

Yale mabamba mawili ya ziada niliyatoa kwa fundi mwingine wiki mbili baadaye, kwa kuwa kazi ya springi sikuithubutu nyumbani. Moja limekuwa komeo la banda la kuku. La pili mzee aliliomba, na hadi leo hajaniambia analifanyia nini.