Redio ya Mawasiliano: Anza kwa Kusikiliza

Wapo watu wanaozungumza na wenzao wa mbali, hata Japani, kwa redio zao wenyewe, bila simu wala mnara. Si biashara, ni kujifunza tu. Kila mmoja ana alama yake ya mwito. Za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z. Kurusha sauti kwahitaji leseni ya TCRA, basi wewe anza kwa kusikiliza.

Usirudie kosa langu. Akiba yote niliimalizia kwenye redio ya mkononi ya VHF. Mawimbi yake huenda karibu moja kwa moja, na sisi Korogwe tuko chini ya Usambara. Nilisikia mkwaruzo tu.

Tafuta redio ya masafa mafupi yenye SSB. Ile ya kawaida ya nyumbani, hata ikiyashika mazungumzo hayo, hukutolea sauti kama ya bata.

Antena usinunue. Funga waya wa mita 10 hivi kutoka dirishani hadi kwenye mwembe, mbali na nyaya za umeme. Usiku jaribu megahezi 7 hadi 7.2, mchana 14 hadi 14.35. Wingu likitanda, chomoa waya mapema, usisubiri radi.