Mhogo Mchungu na Siku za Kungoja

Visiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, mhogo ndio ugali, na watu wanaujua kwa sura mbili. Kuna mtamu, unaoliwa hata mbichi, na kuna mchungu, usioliwa kabla ya kuvundikwa, kwa kuwa una kemikali zinazotoa sayanidi mzizi unapokatwa au kutafunwa. Utamu huo si wa sukari. Ukiambiwa "huo mtamu", maana yake tafuna, hauna neno. Mwenye shaka humega kipande kidogo, hukigusisha ulimi, kisha hutema.

Kwa nini basi kupanda wenye sumu? Kwa sababu uchungu ni mlinzi wa shamba: nyani na nguruwe pori huukwepa, na mwizi aking'oa usiku hana cha kutafuna njiani.

Kuuondolea madhara ni kazi inayofahamika kote Kanda ya Ziwa. Mhogo humenywa, huanikwa unyauke kidogo, kisha hurundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka uote ukungu na kulainika. Ukungu hukwanguliwa, vipande huvunjwavunjwa na kurudishwa juani, ndipo vinaposagwa kupata unga wa udaga. Kulainika huko ndiko kunakovunja sumu, na sayanidi hupotelea hewani. Mama akibonyeza kipande akasema "bado", hakuna anayebishana naye. Akisema "umelainika, anikeni", ametoa kibali cha chakula cha nyumba nzima.

Kibali hicho kinahitaji muda, na njaa haina subira. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, watu walikula mhogo mchungu ulioandaliwa harakaharaka. Wengine, wakiwemo watoto, walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo, ambako uliandikwa na madaktari tangu miaka ya 1930. Kupooza huko hakuponi.

Ujuzi wa kuvundika haukuwa umepotea Tarime. Kilichokosekana ni chakula cha kula wakati wa kungoja. Kwa hiyo anayetaka udaga uwe salama asiishie kuwafundisha akina mama kazi wanayoijua kumshinda. Aangalie kwanza kama ghalani kuna akiba ya kuwafikisha siku ya kuanika.