Mawimbi ni yetu, alama ni za watu wa mlimani



Mwezi uliopita nilipanda hadi Nyeri, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kutoka Mombasa. Kijana wa mwenyeji wangu yuko kidato cha nne, na bahari hajaiona ila kwenye simu. Usiku alikuwa akidurusu karatasi za fizikia, za KCSE na za majaribio. Nikaona kila karatasi ya pili aliyoifungua ina swali la mawimbi. Nilipomuuliza, alicheka: "Anko, hayo hayakosi."

Sababu iko kwenye silabasi. Mawimbi hufunzwa kidato cha pili, hurudiwa kwa undani kidato cha tatu, na cha nne huja mawimbi ya sumaku-umeme. Yote hutahiniwa katika karatasi ya pili, yenye alama 80 kwa saa mbili. Isitoshe, hata sauti na mwanga ni mawimbi.

Tabia zinazoulizwa ni nne. Wimbi likigonga kizuizi hurudi. Likiingia kwa mshazari penye kina kidogo, hupinda njia. Likipita penye upenyo mwembamba, hutawanyika. Mawili yakikutana, huongezana nguvu au huuana.

Kijana alinipigia hesabu ya ile ya pili. Mawimbi 4 kwa sekunde, kila moja urefu wa sentimita 3, mwendo wake ni sentimita 12 kwa sekunde. Yakifika penye kina kidogo, mwendo ukishuka hadi 8, idadi kwa sekunde hubaki 4 ile ile, kwa hivyo urefu huwa sentimita 2. Wengi hukosa hapo kwa kudhani idadi nayo hupungua.

Nikanyamaza. Mvuvi yeyote wa kwetu anajua kuwa wimbi likikaribia ufuo hupunguza mwendo, na yanayofuata husongamana nyuma yake. Na wahenga walisema penye mawimbi na milango ipo. Simama juu ya mwamba utazame wimbi likipenya mlango mwembamba: likishapita hutanuka kama kipepeo cha mkono. Hilo ni swali la mtihani.

Niliporudi nilimuuliza mpwa wangu, anayeogelea kila Ijumaa jioni, swali lile lile. Alikosa. Mawimbi aliyofunzwa ni mistari iliyochorwa ubaoni, na hakuna aliyemwambia kuwa ndiyo yale yanayompiga kifuani.

Yule wa Nyeri alifunzwa kwa beseni la maji, taa na kijiti cha kutikisa. Sisi beseni letu halina mwisho na halilipiwi karo. Walimu wetu, wapelekeni watoto ufuoni asubuhi moja, na daftari mkononi. Wazazi, msiseme fizikia ni ya watu wa bara. Alama hizo tunazipoteza zikiwa mlangoni petu.