Je, Wajua? Madai Nayo Huisha Muda

Je, wajua kwamba haki yako inaweza kukataliwa mahakamani kwa sababu tu umechelewa? Nchini Tanzania, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 12 kudai ardhi, miaka 6 kwa madai ya mkataba na miaka 3 kwa madai ya madhara uliyosababishiwa. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kesi ya madai iliyopitwa na muda hutupwa hata kama mdaiwa hakulalamika. Kwa mtoto, muda huanza kuhesabiwa akishafikia utu uzima. Una dai? Muone mwanasheria mapema. Barua za kukumbushana deni pekee hazisimamishi kuhesabiwa kwa muda.